Ukuta wa Madam wa Kemia

Kama ulitaka kumwona Madam wa Kemia amekasirika, hukuwa na haja ya kumtukana. Ilitosha uandike CaOH₂ ubaoni kisha urudi ukae. Darasa lake na langu yalitenganishwa na mbao tu, mbao zenye nyufa za kupitisha hata mnong'ono, na mimi nikiwa upande huu nafundisha ngeli nilikuwa nikisikia chaki ikiwekwa chini, kisha kimya, kisha sauti yake ya chini kabisa.

"Mabano yako wapi?"

Wanafunzi wangu waliacha kuandika ili wasikilize. Hata mimi nilinyamaza, maana nani angeendelea na ngeli ya KI-VI na ng'ambo kuna mtu anakaribia kuchinjwa?

"Hiyo umeandika ni kalsiamu moja, oksijeni moja, haidrojeni mbili. Hiyo kitu haiko. Haiko Kericho, haiko Bomet, haiko mbinguni. Umeita watu wawili wawili, halafu mwenzake mmoja umemwacha kwa barabara. Rudi ufunge mlango."

Kufunga mlango ni kuweka mabano. Oksijeni na haidrojeni zikishikana huwa kundi moja, haidroksaidi, na kundi hilo hutembea pamoja kama mume na mke wanaokwenda harusini. Kalsiamu inataka makundi mawili. Kwa hivyo unalifungia kundi ndani ya mabano, unaweka mbili nje: Ca(OH)₂. Hiyo ndiyo chokaa, ile ile tunayopaka mawe ya kando ya njia wageni wanapotarajiwa. Makundi ya namna hiyo aliyaita radikali. Haya yote niliyajua kupitia mbao. Kemia na mimi tuliachana kwenye mtihani wa kidato cha nne, bila majuto upande wowote, lakini miaka ya kukaa jirani na yule mama ilinirudisha shule bila kunitoza karo.

Kitu alichokitaka pale shuleni kilikuwa kimoja tu, na alikitaka kwa ukaidi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Alitaka kemia isife. Shule yetu ni ya kutwa, ndogo, iko juu ya kilima upande wa Kiptere, chai mbele, chai nyuma. Walimu wa sayansi wakipangiwa hapa huja na begi moja na huanza kuandika barua ya uhamisho kabla hawajajua choo kiko wapi. Yeye hakupangiwa na mtu. Aliajiriwa na bodi ya shule, na bodi humlipa mwalimu inapopata, naye akabaki. Niliporipoti nilimkuta, na siku niliyoambiwa hatakuwepo tena sikuamini.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na sweta ya kijivu aliyoifuma mwenyewe na kuifumua na kuifuma tena. Alichelewa kila mahali isipokuwa darasani. Alichelewa mikutanoni, kanisani, hata kwenye mazishi, na kila mara aliingia akipepesa macho kama kwamba ni sisi tuliowahi sana. Katika nchi hii ya chai yeye hakunywa chai. Alikunywa maji ya moto kwenye kikombe cha bati, na ukimuuliza sababu alijibu kwamba anapenda kujua kilichomo ndani ya kikombe chake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuniumiza meno. Alikuwa akisema "mabano hiyo" mbele yangu makusudi, nami nikishika kichwa.

"Mabano hayo, Madam."

"Wewe chunga ngeli zako, Mwalimu. Mimi nichunge zangu. Zako zikikosewa hakuna kitu inalipuka."

Watoto wa kwetu hawaogopi kazi, huogopa herufi. Ukimwambia mtoto aliyeamka gizani kukamua ng'ombe kwamba NO₃ ina hasi moja, anakuangalia kwa heshima na haelewi. Basi Madam aliacha herufi akaja na kikapu. Asubuhi moja alipitia shambani kwa jirani, akaomba ruhusa, akachuma. Akamwaga majani mabichi juu ya meza, nami nikasogeza kiti karibu na ufa.

"Kiwanda kinataka nini?" aliuliza.

"Majani mawili na chipukizi!" wakaitikia wote, maana hilo mtoto wa hapa hulijua kabla ya kujua kuhesabu.

"Unachuma jani moja, halafu lingine, halafu chipukizi?"

Wakacheka. Nani anachuma hivyo? Inakatwa mara moja, yote pamoja, kwa vidole.

"Basi hiyo ni radikali. Inakuja pamoja, inaenda pamoja. Vidole vyako ndiyo mabano." Kisha akainua kichipukizi chenye majani matatu. "Sasa hii karani wa kituo cha majani ataitupa. Lakini kemia inaitaka. Chipukizi ni naitrojeni, majani matatu ni oksijeni. Hii ni naitreti. Magnesiamu inataka naitreti mbili. Nani ananipea?"

Nilisikia viti vikigongana. Kila mmoja alitaka kwenda mbele kushika naitreti mbili mkononi. Siku ile watoto waliandika Mg(NO₃)₂ kana kwamba wanaandika majina ya mama zao. Aliendelea na salfeti, majani manne, hadi majani yakaisha mezani.

Balaa ilikuja Jumatatu. Jumamosi watoto walikwenda mashambani kusaidia kuchuma kama kawaida, na kichwani walikuwa na somo. Wakachuma naitreti. Kuna nyumba ambazo vikapu vilijaa naitreti na salfeti tupu, majani magumu matatu matatu, manne manne, na karani wa kituo cha majani akayamwaga chini yote mbele ya watu. Jumatatu wazazi walikuwa langoni kabla ya kengele. Aliyetangulia alikuwa mzee mmoja jirani wa shule, tuliyemwita Baba Chebet, fimbo mkononi, koti la mvua begani.

"Chamgei," alisema, kwa sababu hata hasira kwetu huanza na salamu.

"Chamgei mising, Baba Chebet," Madam alijibu. Alikuwa Mkikuyu, lakini salamu zetu alizitoa vizuri kuliko vijana wetu.

"Matam, wewe umefundisha watoto yangu kuchuma nini?"

"Naitreti, mzee."

"Na hiyo naitreti itanunuliwa na nani?"

Madam alisimama pale akitazama viatu vyake, kisha akasema, "Baba Chebet, nisamehe. Nilifurahi sana wameelewa, nikasahau kuwaambia wasiende nayo nyumbani." Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe lililopakwa chokaa na suruali ikawa nyeupe nyuma. Tangu siku hiyo alimwita Matam Naitreti, na kila alipotuletea maziwa ya ofisini aliuliza kama bei ya naitreti imepanda. Ninapotaka kumkumbuka Madam akiwa na furaha, hapo ndipo ninaposimama. Mahali pengine pa kusimama ni pachache.

Ukuta wa nyuma wa darasa lake ulikuwa kazi ya likizo moja nzima. Alipata rangi ya mafuta iliyobaki watu walipopaka mlango wa kanisa, nyekundu na nyeusi, akaandika radikali zote kwa mkono wake, kubwa, kutoka darini hadi usawa wa dawati. Amoniamu juu kabisa, pekee yenye chaji chanya. Chini yake haidroksaidi, naitreti, haidrojenikaboneti. Halafu zenye valensi mbili, salfeti na kaboneti. Chini kabisa fosfeti peke yake na tatu zake. Kila moja aliizungushia mabano mekundu. Mistari haikunyooka kwa sababu alisimama juu ya dawati lililokosa mguu, nami nilikuwa nimelishika. Nilimwambia atumie karatasi, la sivyo angechoka. Akasema karatasi huchanwa, huliwa na panya, huhamishwa na mwalimu mkuu mpya. "Ukuta hauendi mahali," alisema, akashuka na rangi nyekundu puani.

Kuhusu watu wake alisema machache, nami nitasema machache zaidi. Babake alinunua shamba karibu na soko zamani na wakaishi hapo kama watu wengine wote. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi nyumba yake ilichomwa. Mumewe aliwachukua watoto akaenda nao Nyandarua, na Madam akafuatana nao. Shule zilipofunguliwa, yeye alirudi peke yake. Mume alikataa kurudi na watoto wakabaki huko, wakakulia huko. Nilimuuliza mara moja, tukiwa tumekaa nje tukisahihisha, kwa nini alirudi mahali palipomfanyia vile.

"Nilikuwa nimewaacha katikati ya chumvi," alisema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kidato cha tatu walikuwa katikati ya mada ya chumvi. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote, ila ndiyo aliyonipa, na mtu akikupa sababu yake usiipekue mfuko.

Mwaka mmoja, miaka mingi baada ya hapo, nilisikia kupitia mbao mvulana akimuuliza, "Madam, kwani radikali haivunjikangi? Hata kidogo?"

Nilisikia chaki ikiwekwa chini.

"Ukiipea moto wa kutosha, inavunjika," alisema. "Naitreti inavunjika. Kaboneti inavunjika. Lakini hiyo mtasoma kidato cha tatu. Saa hii andika haivunjiki."

Wanafunzi waliandika. Mimi nilikaa na chaki yangu mkononi na sikujua niwaambie nini wa kwangu, kwa hivyo niliwapa zoezi.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa sifa kupita kiasi. Mtoto akipata kila kitu sawa, yeye alisema tu, "Hakuna shida hapo." Alikuwa na ulimi. Sokoni Kiptere alisimama mbele ya duka la dawa za mifugo na mbolea akamsomea mwenye duka makosa ya kibao chake, mbele ya wateja, kwa sababu aliyekichora aliandika fomula ya amoniamu salfeti bila mabano. "Amoniamu ni mbili, salfeti ni moja," alisema. "Hapa umeuzia watu kitu ingine." Mwenye duka alimjibu kwamba mahindi hayasomi kibao. Madam alinuna siku nzima. Na alikuwa na kosa moja ambalo liliniudhi kuliko yote: aliamini kwamba ukiandika jambo sawasawa, na ukaliandika wazi, mwenye uwezo atalisoma na kulitenda. Aliandikia kila ofisi. Nilimwambia wenye ofisi ni kama mahindi. Hakucheka.

Maabara yetu ilianza kwa michango. Wazazi walileta mchanga na mawe, kuta zikapanda hadi usawa wa madirisha, zikasimama hapo. Mvua ikazinyeshea, nyasi zikaota ndani, mbuzi wa Baba Chebet wakapata mahali pa kujikinga jua. Kila mkutano wa wazazi Madam alisimama mwisho, akiwa amechelewa kuingia, akauliza maabara imefika wapi. Kila mara aliambiwa imefika pazuri. Akaendelea kufundisha kwa chupa za jemu, jiko la makaa na mirija ya biro.

Na alikuwa na tumaini lenye miguu. Alikuwa msichana kutoka Siongiroi, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake karibu na shule ili asome. Huyo tangu siku ya kwanza hakusahau mabano. Madam hakumsifu, bila shaka, ila alianza kumwachia ufunguo wa kabati. Msichana akafaulu, akaenda chuo kikuu kusomea ualimu wa kemia na hesabu, akamaliza, akarudi kwetu kusubiri kuajiriwa. Alifundisha pamoja na Madam, kwa chakula cha mchana na nauli pale ilipopatikana. Sijawahi kumwona Madam akitembea wima vile. Alianza hata kusema habari za kustaafu, kwamba atafuma sweta hadi mwisho bila kuifumua.

Ajira haikuja. Mwaka uliofuata haikuja. Msichana alikuwa na wadogo zake wa kusomesha, na siku moja alikuja na suruali mpya na begi la magurudumu kuaga. Alikuwa amepata kazi ya nyumba huko Ghuba, Uarabuni.

"Ni miaka miwili tu, Madam. Nikirudi watakuwa wameajiri."

"Hakuna shida hapo," Madam alisema.

Kwa muda alituma ujumbe wa sauti, na Madam aliufungua katika ofisi ya walimu simu ikiwa juu ya meza, tusikie sote. "Madam, niko poa, usiworry. Kazi ni kuosha tu, kuosha na kuosha. Leo nimeona dawa ya choo, wameandika sodium hypochlorite. NaClO, moja kwa moja, hakuna brackets. Nilicheka peke yangu hadi mama mwenye nyumba akauliza kama niko sawa." Madam aliusikiliza huo mara nyingi. Baadaye jumbe zikawa fupi. Baadaye Madam alituma na alama ikabaki ile moja ya kijivu, haikuongezeka ya pili ya kusema umefika. Tulipiga kwa shangazi, shangazi naye alikuwa anapiga kwetu. Mpaka leo hatujui.

Kisha likaja hili la mfumo mpya wa elimu, wa shule za sekondari za juu, ambapo kila shule inapangiwa masomo itakayofundisha. Wageni walitoka ofisi ya elimu kuja kutukagua. Tulipaka mawe chokaa. Madam siku hiyo hakuchelewa, na hilo peke yake lilinitia hofu. Aliwaonyesha jiko, chupa za jemu, ukuta. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, aliuliza kwa upole chumba cha kutolea mvuke wenye sumu kiko wapi. Madam akafungua dirisha.

"Ndiyo hii."

Hakuna aliyecheka. Aliona hawacheki, akaharakisha, akachukua maji ya chokaa kwenye chupa, akamwita mtoto apulize ndani kwa mrija wa biro. Mtoto akapuliza, maji yakabadilika yakawa meupe kama maziwa. "Ni pumzi yake," Madam aliwaambia. "Chokaa inavuta pumzi, inageuka kaboneti. Hata ya ukutani inafanya hivyo, polepole, ikikauka. Mnaona? Wanaelewa. Waulizeni wenyewe." Kijana yule alisema ameona, asante sana Madam, na akaandika. Niliona macho yake yakienda dirishani, kwenye kuta za maabara zisizo na paa na mbuzi waliokuwa ndani, na nikajua.

Mwalimu mkuu alituambia matokeo wakati wa chai. Shule imepewa lugha na masomo ya jamii. Sayansi, hapana. Kidato cha nne wa mwisho watamaliza kemia yao na hapo ndio mwisho wake. Walimu waligeuza vichwa kumtazama Madam. Alikuwa na kikombe chake cha maji ya moto mkononi.

"Hawa wa mwisho wako kwa mada ya mole," alisema. "Sijamaliza mole."

Akatoka kwenda darasani, na dakika chache baadaye nikamsikia kupitia mbao akiuliza mabano yako wapi. Sijui kama kuna mtu alikuwa ameyasahau. Niliona uchungu siku ile, na uchungu huo ulichanganyika na hasira, kwa sababu habari mbaya kwake ilikuwa nzuri kwangu. Shule ya lugha inahitaji walimu wa lugha. Nilikula kwenye meza ile ile alikofukuzwa.

Kidato cha nne walifanya mtihani. Sitasema walifanya maajabu. Kemia ilivuta mkia kama ilivyokuwa imevuta kila mwaka, na hakuna aliyepata alama ya kumpeleka kokote kwa kemia. Bodi ilimuaga kwa soda, keki na blanketi. Baba Chebet alizungumza kwa niaba ya wazazi, akajaribu utani wa bei ya naitreti, akauacha katikati, akakaa. Madam alisema maneno mafupi: tumalizie maabara hata kama haina kazi, kwa sababu kuta zisizo na paa huoza. Watu wakapiga makofi. Maabara iko vile vile.

Nilipewa darasa lake. Liko na madirisha mazuri kuliko langu, na mwalimu mkuu aliona inafaa liwe chumba cha fasihi. Likizo fundi alikuja, akafanya kazi yake. Muhula ukaanza na watoto wapya wa gredi ya kumi, wachangamfu, wanaotunga mashairi kwa Sheng' na kunibishia. Nilipenda kuwafundisha. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Mwishoni mwa muhula wa pili, mchana, watoto wakiwa wametoka kwa mapumziko, Madam alisimama mlangoni. Sweta ya kijivu ilikuwa fupi zaidi, au yeye ndiye aliyenyauka ndani yake. Alisema amekuja kuchukua chupa zake za jemu, kama bado ziko. Sijui alitaka za nini. Zilikuwa kwenye katoni chini ya kabati, nikainama kuzitafuta ili nisimwone akitazama ukuta. Nilipoinuka alikuwa ameshaufikia.

Ulikuwa mweupe wote, kutoka darini hadi chini.

"Wamepaka chokaa," alisema.

"Eeh. Likizo ya Desemba."

Alisogea karibu zaidi, akainamisha kichwa kama anayesoma. Kisha akageuka kunitazama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu msichana wa Siongiroi aondoke.

"Mwalimu, chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Unajua? Mvua ikija, unyevu, inabanduka yote. Inabaki ile ya chini." Akautazama tena ukuta. "Walikwangua kwanza?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwepo. Nilimwona fundi na brashi ya waya siku mbili, na unga mwekundu sakafuni.

"Walikwangua, Madam."

"Yote?"

"Yote."

"Basi walifanya vizuri," alisema. "Wengi hawakwangui."

Aliweka kiganja ukutani, akakisugua polepole, chini kisha juu, pale palipokuwa na fosfeti. Alikigeuza akakitazama. Kilikuwa safi. Hakikushika hata unga.

"Imeshakauka kabisa," alisema. "Darasa lako linapumua vizuri. Hii sio haidroksaidi tena. Ni kalsiamu kaboneti." Aliandika kwa kidole hewani, taratibu, kama alivyokuwa akiwaandikia wale wagumu: CaCO₃. "Moja kwa moja. Hii haihitaji mabano."

Nikampa katoni. Nilitaka nimbebee hadi langoni, akakataa, akasema chupa tupu hazina uzito. Kengele ililia, watoto wakaanza kuingia wakisukumana, na waliposhindwa kupita walimpisha kwa adabu, "Shikamoo," "Shikamoo," naye akaitikia kila mmoja, chupa zikigongana ndani ya katoni. Msichana wa dawati la mbele alimfuata kwa macho hadi alipopotea nyuma ya ukuta wa maabara.

"Mwalimu, huyo ni mzazi wa nani?"

"Si mzazi wa mtu hapa," nilisema, nikawaambia wafungue vitabu.